Dondoo muhimu: Amri ni ile ile, majibu ni tofauti

Skripti inakwenda vizuri kwenye kompyuta yako, ikifika kwenye seva inaharibu maandishi. Kabla hujalilaumu faili, angalia ni sheli gani inayoisoma. Kwenye Ubuntu, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, /bin/sh ni dash, si bash. Mac nazo zilianza kuja na zsh kama sheli ya kawaida mwaka 2019.

Msumbufu mkubwa ni echo. Jaribu echo 'a\tb': bash huandika herufi zote kama zilivyo, ilhali dash na zsh hugeuza \t kuwa nafasi ya tabo. Andika type echo utaona ni amri ya ndani, yaani kila sheli ina echo yake. Iache kabisa, tumia printf '%s\n' "$maneno". Usiziondoe alama za kunukuu: bila hizo bash hukatakata maneno penye nafasi, zsh haikati.

Umeandika skripti kwa ajili ya bash? Mstari wa kwanza uwe #!/bin/bash, na usiiendeshe kwa sh skripti.sh, maana hapo mstari huo haufuatwi.

Amri ya sed -i, inayohariri faili moja kwa moja, nayo ikigoma kwenye Mac, tatizo halitokani na sheli. Sed ya Mac hudai kiambishi cha faili la akiba, hata kikiwa kitupu: sed -i ''.