SOMO LA AFYA: KILO ZA BAADA YA SHEREHE



Mwezi wa Agosti huku Rusizi una harusi na Umuganura, Desemba ina Noeli na kufunga mwaka. Jumamosi tunakula na kunywa, Jumatatu mwenzetu anapanda mizani pale Kamembe na kukuta kilo tatu zimeongezeka. Hapo wengine huacha kula siku mbili, wengine hununua vidonge vya kukojoa au vya kuharisha. Ndiyo sababu tumeona tutoe somo hili.

Mchuma chai wa Shagasha atatuelewa upesi. Majani yaliyonyeshewa asubuhi ni mazito mizanini, lakini chai haikuongezeka, ni maji. (Habari ya kilo zinazokatwa kwa sababu ya maji hayo ina somo lake siku nyingine.) Mwili nao ni vivyo hivyo. Mizani hupima nyama, mafuta, maji na chakula kilichomo tumboni, vyote pamoja, wala haisemi kipi ni kipi.

Tupige hesabu. Ili mwili uweke kilo moja ya mafuta, zahitajika karibu kalori 7,700 kupita zile tunazotumia. Kilo tatu ni kalori zaidi ya 23,000. Mtu wa kazi nzito hutumia kama 3,000 kwa siku. Basi ingembidi ale posho ya wiki nzima kwa siku moja, tena juu ya chakula chake cha kawaida. Hakuna tumbo la kuweza hayo, hata la mjomba wa bibi harusi.

Kilo hizo zimetoka wapi? Kwanza, chakula chenyewe bado kiko njiani. Chupa mbili kubwa za bia, za sentilita 72, peke yake ni karibu kilo moja na nusu mpaka zikojolewe. Pili, wali wa Bugarama, ndizi na viazi hugeuka sukari, na mwili huweka akiba ya sukari hiyo katika ini na misuli. Kila gramu moja ya akiba hukaa na gramu kama tatu za maji. Tatu ni chumvi, na hii ndiyo kubwa. Mwili hautaki chumvi izidi katika damu, kwa hiyo huleta kiu na kuzuia maji ili kuilainisha. Gramu 9 za chumvi zaweza kushika lita nzima ya maji, yaani kilo moja. Nyama ya kuchoma, sambaza za kukaanga na mchuzi wa sherehe hutoa chumvi hiyo bila mtu kuiona.

Figo zikiachwa zifanye kazi yake, maji hayo hutoka yenyewe kwa siku chache. Tule chakula cha kawaida, chumvi kidogo, tunywe maji. Kidonge cha kuharisha hutoa maji tu, mafuta yanabaki palepale. Na mtu aliyekauka maji akienda kubeba mizigo katika joto la bonde la Bugarama, ataanguka.

Kinachonenepesha kweli ni kidogo cha kila siku. Chupa moja kubwa ya bia ina kalori kama 300. Ikizidi mahitaji kila jioni kwa mwezi, hizo ni 9,000, mafuta ya kilo moja na zaidi. Kwa hiyo anayetaka kujua uzito wake ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, mizani ileile, bila buti za kazi.

Lakini kuna maji yasiyo ya sherehe. Kilo zikizidi kupanda baada ya wiki, miguu ikivimba hata ukibonyeza kidole shimo libaki, au pumzi ikikata ukilala chali, huenda ni moyo au figo. Mama mjamzito akivimba uso na mikono ghafla, akaumwa kichwa au macho yakaona giza, asingoje hata usiku mmoja. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na msimamizi wa kazi aarifiwe baadaye.