Mkojo Mweusi Baada ya Kumeza Dawa

Mgonjwa amemeza dawa, homa imeshuka, lakini siku ya pili au ya tatu mkojo unatoka mweusi kama chai ya rangi, macho yanakuwa ya manjano na hatua chache tu zinamchosha. Nyumbani watasema malaria imerudi. Huenda ni seli nyekundu za damu zinazopasuka.

Seli hizo hazina mitokondria. Kinga yake dhidi ya kemikali kali ziitwazo vioksidishi inategemea njia moja ya kuvunja sukari, njia ya pentosi fosfeti, inayoanzishwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD. Humo hupatikana NADPH, ambayo huiwezesha glutathioni kuendelea kuzima vioksidishi. G6PD ikipungua, mtu huishi bila dalili yoyote mpaka akutane na kichochezi.

Zaidi ya watu milioni 400 duniani wana upungufu huu, hasa penye malaria ya tangu zamani, kwani huwapa wenye nao kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana wanaume huathirika zaidi.

Primakwini, dawa ya malaria, ndiyo iliyofichua upungufu huu, Marekani, mwaka 1956. Dozi yake moja ndogo ya kuzuia maambukizi ya malaria kwa wengine, inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, haihitaji kipimo kwanza. Dozi ya siku 14 inahitaji. Vichochezi vingine ni dapsoni, nitrofurantoini ya maambukizi ya mkojo, na vidonge vya naftalini vya kuzuia nondo. Nguo za kichanga zisihifadhiwe navyo kabisa. Ndugu zetu walioko Oman wajihadhari pia na ful, yale maharage mapana: aina ya upungufu iliyoenea huko huwa kali kuliko ya kwetu.

Kipimo kina mtego ambao hata baadhi ya wahudumu huusahau. Damu ikipimwa wakati seli zinapasuka, majibu yanaweza kuonekana mazuri, maana zilizokufa ni zile kongwe zenye kimeng'enya kidogo, zikabaki changa zenye kingi. Rudia baada ya miezi mitatu hivi.

Ukiona dalili hizo, wahi hospitali ukiwa na pakiti ya dawa uliyomeza. Na kichanga akiwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, usimweke juani ukingoje. Mpeleke siku hiyo hiyo.