Mchezo wa Tufe: Nani Aruhusiwe Kucheza?



Leo tujifunze habari za mchezo wa kurusha matufe. Ni mchezo wa zamani, nao unachezwa kwa namna nyingi, lakini lengo ni moja. Kwanza hutupwa tufe dogo mbele. Kisha kila mchezaji hurusha au huviringisha tufe lake kubwa. Litakalokaa karibu zaidi na lile dogo ndilo lililoshinda. Rahisi, sivyo? Basi tuone jinsi watu walivyougombania.

Tuanzie Uingereza. Huko matufe huviringishwa juu ya uwanja wa majani mafupi. Mwaka 1541, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, ilitungwa sheria. Mkulima, kibarua, fundi na mtumishi walikatazwa kucheza. Waliruhusiwa sikukuu ya Krismasi tu, tena nyumbani kwa bwana zao. Serikali ilitaka wanaume wajizoeze kupiga mishale, wawe tayari kwa vita.

Lakini mwenye ardhi kubwa aliweza kupata ruhusa ya kucheza katika uwanja wake mwenyewe. Mbona yeye hakuambiwa aache tufe akashike upinde? Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1845. Hesabu mwenyewe: ni miaka 304.

Sasa twende Ufaransa, upande wa kusini, pwani. Huko walicheza kwenye ardhi ya udongo na changarawe. Mchezaji alirusha tufe akiwa anatembea, na mara nyingine alikimbia hatua 3 kwanza. Katika mji wa La Ciotat, karibu na Marseille, alikuwako mchezaji hodari, Jules Lenoir. Watu wa huko husimulia kwamba alishikwa na baridi yabisi. Viungo vikamuuma, asiweze kukimbia tena. Mtu aliyekuwa akishangiliwa sasa akakaa kando, anatazama wenzake.

Wenzake wangeweza kumwambia, "Pumzika mzee, zamu yako imepita." Lakini Ernest Pitiot alikuwa na wazo jingine. Wakachora duara chini. Mchezaji asimame ndani yake, miguu yote miwili imekanyaga ardhi, ndipo arushe. Umbali nao ukapunguzwa. Tena kanuni hiyo haikuwa ya mgonjwa peke yake. Wote walisimama, mzima na mgonjwa. Kwa hiyo Lenoir hakucheza kwa kuhurumiwa, alicheza sawa na wengine.

Mwaka 1910 yalifanyika mashindano ya mchezo huo pale La Ciotat. Ukaitwa petanki. Kwa lugha ya wenyeji, maana yake ni miguu iliyokazwa chini.

Petanki huchezwa hivi. Tufe dogo la mti hutupwa umbali wa mita 6 hadi 10. Matufe makubwa ni ya chuma. Upande utakaofikisha pointi 13 kwanza umeshinda. Hauhitaji mbio wala kifua kipana. Unahitaji jicho na mkono uliotulia. Ndiyo maana bibi anaweza kumshinda mjukuu wake!

Kanuni iliyotungwa kwa sababu ya mtu mmoja ikawafaa wengi. Mwaka 1958 kiliundwa chama cha petanki cha mataifa. Mwaka 1999 jirani zetu wa Madagaska walikuwa mabingwa wa dunia.

Tumepata somo gani? Kanuni zote mbili zilitungwa na watu. Ya kwanza ilimtoa mtu uwanjani, ya pili ilimrudisha. Hata kijijini tunazo kanuni: za michezo, za mikutano, za kazi za pamoja. Tukimwona mwenzetu amekaa kando, tusikimbilie kusema hawezi. Tuitazame kwanza kanuni yenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani walikatazwa kucheza tufe mwaka 1541? Kwa nini?
2. Kwa nini duara lilichorwa kwa wote, si kwa Lenoir tu?
3. Kijijini kwenu nani hukaa kando? Ni kanuni gani mnaweza kuibadili ili naye aingie?