Kukusanya Stempu na Vitu vya Ukumbusho: Ni Akiba au Ni Mchezo?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ama baad. Ndugu msomaji, masala ya darasa hii yameletwa na kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu tangu alifu hata akahitimu. Alinijia baada ya sala ya Alasiri, akaamkia, akakaa, kisha akanionyesha katika simu yake picha ya stempu kuukuu. Akasema, "Maalim, nataka rai yako. Hii ni stempu ya Unguja ya mwaka 1895, na jina la Zanzibar limekosewa: pahala pa b pana d, yasomeka Zanzidar. Mwenyewe ataka shilingi 80,000, na huko Ulaya huuzwa kwa zaidi ya hizo mara nyingi."

Nikamwuliza, "Na fedha hizo unazo?"

Akajibu, "Ninazo. Ni zile za bati la nyumba ya mama. Lakini Maalim, huu si mchezo, ni akiba. Bati litaingia kutu, na stempu itazidi bei."

Nyumba ya mama yake naijua. Makuti yake yameoza, na masika yalikuwa karibu. Nikamwambia anipe siku tatu, kwani jawabu ya haraka katika mali ya mtu si amana. Niliyomwambia baada ya siku hizo nimeyaandika hapa, maana walio kama yeye ni wengi: huyu akusanya stempu, yule sarafu za kale, na mwengine jezi za wacheza mpira zilizotiwa sahihi.

Faslu ya kwanza: Bei ya vitu hivi yatoka wapi

Jua, ewe ndugu, kwamba vitu ni vya namna mbili. Viko vyenye manfaa ndani yake: mchele waliwa, bati lazuia mvua, shamba lapandwa. Bei yake hata ikishuka, manfaa yake yabaki mkononi mwako. Na viko ambavyo bei yake haimo ndani yake, bali imo nyoyoni mwa watu wengine. Stempu iliyokwisha kupigwa muhuri haipeleki barua tena. Thamani yake ni kwamba yuko mtu mwengine aitakaye. Siku asipokuwako, umebaki na kipande cha karatasi.

Na watu huitaka stempu kwa mambo matatu yakikutana: uchache wake, uzima wake, na wingi wa wenye kuitafuta. Moja likikosekana, bei huanguka. Wengi hudhani kwamba ukuukuu peke yake watosha, na hilo ni kosa. Stempu ya kwanza kabisa duniani ni ile peni nyeusi ya Uingereza, iliyotolewa mwezi wa Mei, 1840. Mtu angedhani kwamba hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Lakini zilipigwa chapa zaidi ya milioni 68, na zilizobaki ni nyingi, hata mtu wa kipato cha kadiri aweza kuipata iliyotumika. Ni ya kwanza, ni ya kale, wala si adimu.

Sasa tazama kinyume chake. Mwaka 1856, katika nchi ya Guyana ya Marekani ya Kusini, ilipokuwa chini ya Waingereza, stempu zilizoagizwa London zilichelewa. Mkuu wa posta akawaendea wapiga chapa wa gazeti la mjini, wakamtengenezea stempu za muda kwa karatasi duni. Mwaka 1873 mtoto wa shule aliiona mojawapo, ya senti 1, katika barua kuukuu za jamaa zake, akaiuza kwa shilingi 6. Mpaka leo haijajulikana ya pili yake. Haina uzuri, na pembe zake zimekatwa. Lakini ni moja tu, na wanaoitaka ni matajiri. Mwaka 1980 iliuzwa dola 935,000, na mwaka 2014 ikauzwa dola milioni 9.48.

Na hiyo Zanzidar ya kijana wetu asili yake ni kama hiyo. Posta ya Unguja ilipoanza kutoa stempu zake mwaka 1895, ilichukua stempu za Bara Hindi, na jina la Zanzibar likapigwa chapa juu yake. Sisi tunaochapa vijitabu hivi kwa mashine ya mkono hatustaajabu kosa lile. Herufi za risasi husomwa kinyumenyume, na b na d ni ndugu wawili wafananao. Mpanga herufi akichoka jioni, mkono wake huchukua hii kwa ile. Katika kurasa zetu kosa hilo ni aibu, nasi huomba radhi. Katika stempu limekuwa ndiyo bei yake. Basi fahamu, ewe ndugu, jinsi bei ya vitu hivi ilivyo mbali na manfaa.

Faslu ya pili: Ni nani apataye faida

Mtu atasema, "Umetaja dola milioni 9, basi faida iko." Tutamjibu: iko, lakini tazama imemwangukia nani.

Tarehe 22 Juni 1986, katika Kombe la Dunia huko Mexico, Argentina iliifunga Uingereza 2 kwa 1, na mabao yote mawili ya Argentina aliyatia Diego Maradona, moja kwa mkono. Baada ya mchezo, Steve Hodge wa Uingereza alibadilishana naye jezi. Mwezi wa Mei, 2022, jezi ile iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 7. Huyu alipata faida kubwa, lakini hakuinunua. Aliitoa jezi yake iliyoroa jasho, akapewa nyengine iliyoroa jasho. Faida kubwa za namna hii aghalabu huwa za yule aliyekipata kitu bure kilipokuwa hakina bei, kisha akakaa nacho miaka mingi. Ama yule anunuaye leo, bei ikiwa juu na habari zimeenea, huyo analipa faida ya mwenzake.

Na ile stempu ya Guyana? Aliyeinunua dola milioni 9.48 mwaka 2014, mwaka 2021 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 8.3. Hasara yake yapita dola milioni 1, nayo ndiyo stempu mashuhuri kuliko zote, mikononi mwa tajiri mwenye washauri. Basi itakuwaje kwa mtu wa shilingi 80,000?

Fauka ya hayo, zikumbuke gharama zisizotajwa. Dalali wa mnada hukata fungu lake. Bei iliyoandikwa katika vitabu vya stempu ndiyo ambayo mwenye duka angependa kukuuzia wewe. Siyo atakayokupa ukimpelekea. Unyevu wa pwani hula karatasi, na mende hula gundi. Na wako waliozinunua stempu mpya za Marekani karatasi nzima nzima, tangu miaka ya 1940 na baadaye, wakaziweka kwa kuwa ni akiba ya wana. Leo wana wao huziuza kwa wafanyabiashara kwa chini ya bei iliyoandikwa juu yake, kwa sababu kila mtu alizificha, na kilichofichwa na kila mtu hakiwi adimu.

Faslu ya tatu: Juu ya ghushi

Mafakihi wetu wameshurutisha kwamba kiuzwacho kijulikane, ili mnunuzi asidhurike kwa kutojua. Na katika vitu vya ukumbusho, kujua ndiyo kazi yenyewe. Sahihi ya mchezaji ni mistari ya wino, nani aliyeipiga? Huko Marekani, katika miaka ya 1990, makachero wa serikali waliwafichua watu waliokuwa wakizighushi sahihi za wachezaji na kuziuza pamoja na vyeti vya kuthibitisha. Cheti nacho kilikuwa cha uongo. Hata jezi ya Maradona, jamaa zake walisema kwamba siyo ile aliyoivaa alipofunga, ikabidi wauzaji waipambanishe na picha za siku ile, uzi kwa uzi. Kadhalika stempu zilizokosewa: kosa likiwa na bei, wako watakaolikosea kwa makusudi. Stempu ya kawaida na herufi chache za chapa zatosha kumdanganya asiyejua.

Lakini ghushi kubwa kuliko ya herufi ni ghushi ya ahadi. Huko Hispania palikuwa na makampuni mawili, Afinsa na Forum Filatélico. Yaliwauzia watu stempu kwa bei iliyopangwa na kampuni zenyewe, na yakawaahidi kuzinunua tena baada ya muda pamoja na faida. Kwa miaka mingi watu walilipwa, wakaitana ndugu na jirani. Kumbe wa kwanza walikuwa wakilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma. Tarehe 9 Mei 2006 serikali iliingia, na watu zaidi ya 400,000 wakaona kwamba akiba zao zimekuwa karatasi zisizofika thamani waliyoambiwa. Wengi wao hawakuwa wapenzi wa stempu hata kidogo. Walikuwa watu wa kazi na wazee waliotaka pa kuweka fedha zao. Hao stempu haikuwapa hata furaha ya kuitazama.

Faslu ya nne: Mizani ya niya

Sasa twafika kwenye roho ya masala. Kijana alisema, "Huu si mchezo, ni akiba." Nikamwuliza, "Ukiinunua kwa niya ya kuja kuiuza upate faida, utaitolea zaka kila mwaka?" Akanyamaza.

Na hukumu yake katika madhehebu yetu ya Shafi'i ni hii. Mtu akinunua kitu, na wakati wa kununua niya yake ni biashara, kitu hicho ni mali ya biashara. Mwaka ukitimia na thamani ikafika nisabu, yampasa akikadirie kwa bei ya siku hiyo, atoe shilingi 25 katika kila 1,000. Ama akinunua ili akiweke na kukitazama, hakina zaka. Na akibadili niya baadaye, niya peke yake haikigeuzi kuwa cha biashara mpaka akifanyie biashara kwa kweli.

Hukumu hii si ya zaka peke yake. Ni kioo cha mtu kujitazama. Wengi wa wakusanyaji hukiita kitu kwa majina mawili. Mke akiuliza fedha zimekwenda wapi, husema, "Hii ni rasilmali." Mwaka ukitimia, husema, "Huu ni mchezo wangu tu." Akikadiria mali yake moyoni, huikadiria kwa bei ya London; akiikadiria kwa zaka, huikadiria kwa bei ya karatasi. Huyo hajamdanganya mwuza stempu wala serikali. Amejidanganya nafsi yake. Basi chagua jina moja kabla hujatoa fedha, na ulifuate mpaka mwisho.

Jawabu

Hatusemi kwamba kukusanya ni kubaya. Mtu aliyetimiza wajibu wake, akatoa kidogo katika ziada yake kununua stempu au sarafu, na akapata kwayo elimu ya nchi na tarehe na utulivu wa moyo, huyo amepata haki ya fedha zake siku ile ile aliyonunua, hata asipoiuza milele. Mwenzake huzitoa kwa soda na tambuu, na hakuna amwulizaye faida. Israfu ni kutoa palipo na haki ya mtu mwengine, au kutoa kupita kiasi kwa kisichostahili.

Kwa hivyo shika mambo manne. La kwanza, usinunue kwa fedha iliyo na mwenyewe: ya deni, ya karo, ya nafaka, ya paa la mzazi. La pili, nunua unachokijua, na usichokijua mwonyeshe ajuaye asiye na fungu katika bei. La tatu, toa fedha ambayo ikipotea yote hutalala na njaa wala na chuki. La nne, kabla ya kulipa, mwulize muuzaji: "Nikikurudishia baada ya wiki moja, utainunua kwangu kwa kiasi gani?" Jawabu yake ndiyo bei ya kweli, iliyozidi hapo ni gharama ya furaha yako.

Kijana alikwenda akauliza swali hilo. Alitaja shilingi 60,000, na akaomba pia maandishi ya mjuzi kwamba ile d ni ya asili. Muuzaji akamwambia arudi kesho. Na kesho akamwambia kwamba yuko mnunuzi mwengine. Sisemi kwamba mtu yule ni mwongo, kwani stempu hatukuishika. Nasema tu kwamba asiyekubali kuinunua bidhaa yake mwenyewe, hata kwa robo pungufu, haamini kwamba ni akiba.

Bati liliezekwa siku tisa kabla ya mvua ya kwanza. Na kijana hakuacha mapenzi yake. Ana daftari la stempu za bei ndogo, na jioni nyengine huja nalo chuoni, akawaonyesha watoto Guyana iko wapi na Bara Hindi iko wapi, nao hugombania kukaa karibu naye. Nilimwuliza zote zina thamani gani. Akacheka, akasema, "Maalim, hizi haziuzwi."

Wallahu aalam.