Uwanja Mpya kwa Klabu Ndogo: Je, Hesabu Inakubali?

Tangu Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa haki ya kuandaa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, mazungumzo ya viwanja vya mpira yameongezeka katika kila kona ya nchi. Mijini yanazungumzwa majukwaa makubwa na taa. Vijijini hoja huwa ya kiasi zaidi: klabu yetu ijengewe uwanja wake, ipande daraja, na fedha za viingilio zirudishe gharama. Hoja hiyo ni ya heshima, kwa kuwa nyuma yake kuna vijana wanaojituma na wazee wanaowaunga mkono. Lakini kabla kata haijatoa ardhi, michango au nguvu kazi, hoja hiyo inapaswa kupimwa kwa hesabu. Makala hii inaeleza namna ya kuipima.

Fedha za mlangoni

Tuchukue mfano wa kufundishia, ambao kila klabu inaweza kuubadilisha kwa kuweka takwimu zake. Klabu inataka uzio, jukwaa dogo na vyumba vya kubadilishia nguo kwa Sh milioni 300. Katika ligi ya timu 16, ambayo ndiyo hesabu ya Ligi Kuu, kila timu hucheza nyumbani mara 15 kwa msimu. Tuseme kila mechi inahudhuriwa na watazamaji 600 wanaolipa Sh 1,000. Mapato ya msimu mzima ni Sh milioni 9.

Fedha hizo haziingii zote mfukoni mwa klabu. Kuna waamuzi, ulinzi, huduma ya kwanza, tiketi na makato mengine. Tukikadiria kuwa hayo yanachukua Sh milioni 4, zinabaki milioni 5. Kukata nyasi, kumwagilia, kukarabati uzio na kumlipa mlinzi kukichukua milioni 3, zinabaki milioni 2. Kwa mwendo huo, Sh milioni 300 zitarudi baada ya miaka 150. Hata watazamaji wakiongezeka mara mbili, na gharama za mechi zikipanda hadi milioni 6, klabu itabakiwa na milioni 9 kwa mwaka, na deni litaisha baada ya zaidi ya miaka 33, bila kuhesabu riba. Timu iliyo katika ligi ya wilaya ina mechi chache zaidi, na mara nyingi haitozi kiingilio kabisa.

Fedha kubwa za soka la leo zinatoka kwingine. Mwaka 2021 haki za kutangaza Ligi Kuu kwa televisheni ziliuzwa kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Fedha hizo pamoja na za wadhamini hufuata timu zilizo katika ligi. Kumiliki jukwaa peke yake hakuifikishi klabu kwenye mgawo huo.

Nani humiliki viwanja nchini?

Mifano ya nchini inathibitisha hesabu hiyo. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Kwa miaka mingi klabu hizo mbili, zenye mashabiki wengi kuliko nyingine zote nchini, zimecheza mechi zao za nyumbani katika viwanja vya Serikali au vya kukodi. Mkoani Tanga, Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na nyumbani kwake ni Mkwakwani, uwanja unaomilikiwa na Chama Cha Mapinduzi. Mbeya City, timu iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji, ilipanda Ligi Kuu na kumaliza katika nafasi ya 3 msimu wa 2013/14 huku ikitumia Uwanja wa Sokoine, ambao si wake.

Klabu zenye viwanja vyao kwa kawaida zina mfadhili mwenye biashara nyingine. Azam FC ina uwanja wa Chamazi wenye uwezo wa kuchukua watazamaji wapatao 10,000, na nyuma yake kuna kampuni ya Bakhresa. Mtibwa Sugar ina Manungu, na nyuma yake kuna kiwanda cha sukari. Katika hali hizo, uwanja hautegemei kiingilio ili uwepo.

Mfano unaowavutia wengi wilayani ni wa Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi. Wilaya ya pembezoni ilipata timu ya Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2019/20, na uwanja wake, wa Majaliwa, ukajulikana nchi nzima. Mwaka 2020 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho nchini, kisha ikashiriki mashindano ya Afrika. Hata hivyo, mechi zake za nyumbani za Afrika zilichezwa Dar es Salaam. Uwanja wa wilaya unaweza kuipa timu makao mazuri, lakini kila ngazi mpya huja na masharti yake, na kuyafuata masharti hayo kabla ya wakati ni kutumia fedha ambazo huenda zisihitajike.

Timu huhama, ardhi hubaki

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana: uhai wa klabu na uhai wa uwanja havilingani. Ihefu ilicheza Ligi Kuu katika Uwanja wa Highland Estates, Mbarali. Katikati ya msimu wa 2023/24 ilihamia Singida, na baadaye ikabadilisha jina na kuwa Singida Black Stars. Wakazi wa Mbarali walibaki na uwanja, timu ikaenda na wadhamini wake. Singida yenyewe ilikuwa imeonja uchungu wa aina nyingine pale Singida United iliyopanda mwaka 2017 iliposhuka daraja mwaka 2020.

Nje ya nchi, mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Darlington, klabu ndogo ya kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 2003 ilihama uwanja wake wa zamani na kuingia katika uwanja mpya wenye viti 25,000. Mechi ya kwanza ilivuta watu wasiofika nusu ya viti hivyo, na baada ya hapo idadi ikapungua sana. Kabla mwaka huo haujaisha, klabu ilikuwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Mwaka 2012 iliuacha uwanja huo, ikaundwa upya na kuanza ligi za chini. Uwanja ulijengwa kwa kipimo cha ndoto, na gharama zake hazikupungua pale watazamaji walipopungua.

Gharama ya mlima

Katika Milima ya Usambara hesabu ina kipengele cha ziada. Uwanja wa kipimo cha mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, yaani takribani ekari moja na robo tatu. Ukiongeza kingo na nafasi ya watazamaji, ekari tatu ni kiasi cha kuanzia. Ardhi tambarare ya ukubwa huo wilayani Lushoto kwa kawaida iko mabondeni, na mabonde ndiyo yanayolisha familia kwa kabichi, nyanya na karoti.

Ukipanda mlimani, mteremko unadai gharama yake. Mahali ambapo ardhi hupanda mita 1 kwa kila mita 10, ambao kwa Usambara ni mteremko wa wastani tu, upana wa mita 68 una tofauti ya kimo cha karibu mita 7. Kuusawazisha ni kukata upande wa juu na kujaza upande wa chini, yaani kuhamisha takribani mita za ujazo 6,000 za udongo, sawa na safari 600 za tipa la mita 10. Bila mifereji na kingo imara, mvua za masika zinaweza kuushusha udongo huo kwenye mashamba ya jirani. Kazi hiyo haionekani kwenye picha ya uzinduzi, lakini ndiyo itakayoamua kama uwanja utadumu.

Jambo lenye faida

Je, basi kata isijenge? La. Hesabu inakataa jukwaa linalojengwa kwa matumaini ya viingilio. Kiwanja kizuri cha wote ni jambo jingine. Klabu ikitumia uwanja siku 15 za mechi, zinabaki siku 350. Wanafunzi wanaojiandaa kwa UMISHUMTA na UMISSETA, timu za wasichana, mabonanza, mazoezi ya watu wazima na mikutano ya hadhara vyote vinahitaji mahali salama. Kiwanja cha namna hiyo hupimwa kama zahanati au kisima kinavyopimwa: kinahudumia wangapi, kwa gharama gani, na nani anakitunza.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa kazi una uzito. Kwanza ni uhalali wa ardhi na mipaka yake. Pili ni kusawazisha, mifereji na nyasi. Tatu ni maji na vyoo, kisha vyumba vya kubadilishia nguo. Uzio na jukwaa hufuata pale watazamaji watakapokuwa wamejaa pembezoni kwa misimu kadhaa mfululizo. Hadi wakati huo, upande uliokatwa unaweza kuchongwa ngazi za kukalia, na kingo zake zikashikwa kwa majani ya guatemala, mbinu ambayo wakulima wa Lushoto wanaifahamu vizuri katika matuta yao.

Ni busara pia umiliki ubaki kwa umma na klabu iwe mpangaji mwenye mkataba. Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba ni wa halmashauri, na Kagera Sugar huutumia kama nyumbani. Mpangaji akihama, wenye mji hubaki na mali yao.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

Pendekezo la uwanja linapoletwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji au kamati ya maendeleo ya kata, mkazi ana haki ya kuuliza: Ardhi ni ya nani, na sasa inazalisha nini? Nani atalipia matunzo mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi? Klabu ilihudhuriwa na watu wangapi msimu uliopita, kwa idadi iliyohesabiwa? Timu ikishuka daraja au ikihama, nani atautumia uwanja? Wasichana na shule wametengewa siku zipi?

Pendekezo lenye majibu ya maandishi kwa maswali hayo linastahili kusikilizwa hata kama ni dogo. Lisilo na majibu lirudishwe kwa waliolileta ili likamilishwe, kabla mche mmoja wa kabichi haujang'olewa.