SOMO LA AFYA: Mazoezi ya Kutuliza na Kuzuia Maumivu ya Kiuno



Somo la toleo hili linagusa karibu kila nyumba. Mama anayejitwika ndoo ya lita 20 hubeba kilo 20. Mkulima wa jembe la mkono huinama kutwa. Wahudumu wetu wa wagonjwa majumbani huinua na kugeuza wagonjwa peke yao. Kiuno kikikataa, shamba hulala na mgonjwa hukosa wa kumgeuza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na tatizo hili.

Wengi tulifundishwa kuwa dawa ya kiuno ni kulala. Sivyo. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli inayoshikilia uti wa mgongo, na maumivu hukawia kuondoka. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi na elimu, wala haupendekezi mikanda ya kiuno.

Mazoezi manne ya nyumbani

1. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti. Vuta goti moja kifuani, hesabu hadi 10, kisha badilisha.
2. Ukiwa hivyo hivyo, kaza tumbo na ukandamize kiuno kwenye mkeka. Hesabu hadi 5, legeza. Usibane pumzi.
3. Inua makalio mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini. Shuka polepole.
4. Piga magoti, viganja vikiwa chini. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha badilisha.

Anza na mara 5 kwa kila zoezi, uongeze taratibu hadi 10, kila siku. Maumivu yakizidi au yakishuka mguuni, acha na umwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuzuia

Unapoinua mzigo, kunja magoti, uweke mzigo karibu na mwili, wala usijipinde ukiwa umebeba. Badilisha kazi mara kwa mara, na utembee kila siku.

Dalili za hatari

Nenda hospitali mara moja ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea. Homa, kukonda au maumivu makali ya usiku pia yachunguzwe. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Ombi letu

Kamati zitenge dakika 15 baada ya mkutano wa jumuiya kwa mazoezi haya. Wahudumu watumwe wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake (Mk 6:7), ili mgonjwa ageuzwe na watu wawili. Nanyi wafadhili, badala ya mikanda, tusaidieni mikeka na nauli ya mtaalamu wa kufundisha vijijini.

Mungu awabariki.