Dondoo Muhimu: Hadhari na Uyoga wa Mwituni

Mvua za masika zishikapo Kilosa, na misitu ya miombo ya pande za Mikumi ikaanza kutoa uyoga, mchumaji na azingatie haya.

• Uyoga usioujua kwa yakini, kwa kufundishwa na mzee wa papo hapo aliyeula miaka na miaka, uache ulipo; na hata ule udhaniao kuujua ung'oe pamoja na shina lake lote, wala usiukate kwa kisu juu ya ardhi, kwa kuwa aina zilizo hatari kupita zote aghalabu huwa na kitu mfano wa kikombe, kilichofukiwa udongoni na kushika shina, ambacho kisu hukiacha nyuma.

• Kijiko cha fedha kisichobadilika rangi kikitiwa chunguni pamoja na uyoga, au nyani aliyeula asidhurike, si hoja ya kuwa uyoga huo ni salama; wala kuchemsha na kukausha hakuiondoi sumu ya aina hizo.

• Mlaji wa uyoga wa aina hizo huweza kukaa saa 6 hadi 24 asihisi lolote, ndipo aanze kutapika na kuhara. Kisha hupata nafuu, jamaa wakamshukuru Mungu, ilhali ini linazidi kuharibika. Nafuu hiyo isiwahadae: apelekwe hospitali mara moja, pamoja na wote waliokula naye sinia moja, watoto kwanza, ijapokuwa hawajaumwa, na mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa jaani, yafungwe katika karatasi tabibu ayaone.